Bei Mbili na Aliye na Haraka

Ukiuliza hisa ya kampuni fulani inauzwaje leo, utatajiwa namba moja. Namba hiyo ni habari ya jambo lililokwisha: mtu aliuza, mtu alinunua, wakaachana. Anayetaka kununua sasa hivi anahusika na bei mbili zilizo hai. Moja ni ile ya juu kabisa ambayo yupo mtu aliye tayari kuitoa ili anunue. Nyingine ni ile ya chini kabisa ambayo yupo mtu aliye tayari kuipokea ili auze. Ya kwanza tuiite bei ya mnunuzi, ya pili bei ya muuzaji. Ya muuzaji hukaa juu, ya mnunuzi hukaa chini, na kati yao kuna pengo. Kila aliyesimama mbele ya dirisha la kubadilishia fedha Kariakoo au Mombasa amezisoma bei hizo ubaoni, chini ya maneno "kununua" na "kuuza", na anajua kwamba akinunua dola mia moja na kuzirudisha papo hapo ataondoka na shilingi pungufu.

Kwa miaka zaidi ya mia nne watu wamegombania pengo hilo: nani alichume, nani alilipe, na nani aruhusiwe kuziona bei zote mbili. Wafanyabiashara wa leo wanaokaa mbele ya skrini wakisoma mkondo wa oda, yaani kufuatilia kila oda inavyoingia, inavyofutwa na inavyokutana na mwenzake, wana swali moja lililo la zamani kuliko umeme. Katika dili lililofungwa sasa hivi, nani alikuwa anasubiri, na nani alikuwa na haraka?

Viganja vya Amsterdam

Agosti 1602 wakazi wa Amsterdam walijiandikisha kununua hisa za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, maarufu kwa herufi VOC. Mtaji ulikusudiwa kufungwa kwa miaka kumi kabla ya hesabu kufanywa, hivyo aliyehitaji fedha zake mapema alikuwa na njia moja tu: kumtafuta mtu mwingine wa kuichukua hisa yake. Biashara ya hisa zilizokwisha kutolewa ikaanza, na mwaka 1611 wafanyabiashara wa mji huo walipata jengo la soko lililosanifiwa na Hendrick de Keyser.

Mwaka 1688 Joseph de la Vega, Myahudi mwenye asili ya Uhispania aliyeishi Amsterdam, alichapisha kitabu kuhusu soko hilo. Anaeleza jinsi bei zilivyopatanwa kwa viganja. Mmoja alifungua mkono, mwingine akaupiga akitaja bei. Wakapigana tena viganja kwa bei nyingine, hadi mikono ikawa myekundu. Kila kofi lilikuwa bei ya upande mmoja. Dili lilifungwa pale mmoja wao alipoacha kushindana na kuukubali mkono wa mwenzake. Mtazamaji aliyesimama karibu aliweza kuona ni nani aliyelegea kwanza. Katika kupatana huko hakukuwa na karatasi wala namba zilizohifadhiwa, lakini habari muhimu kuliko zote ilikuwa wazi machoni pa watu.

Mchuuzi asiyejua anaulizwa nini

London ililipatia pengo mwenyewe wa kudumu. Mwishoni mwa karne ya 17 biashara ya hisa na dhamana za serikali ilifanyika katika vichochoro vya Exchange Alley na ndani ya mkahawa wa kahawa wa Jonathan's, ambako kuanzia 1698 John Castaing alitoa orodha za bei mara kwa mara. Mwaka 1773 madalali walipata jengo lao wenyewe. Ndani ya biashara hiyo ukakua mgawanyo wa kazi uliodumu hadi mwishoni mwa karne ya 20. Dalali alimwakilisha mteja na kulipwa kamisheni. Mchuuzi wa hisa hakuwa na mteja. Alinunua na kuuza kwa fedha zake, na riziki yake ilikuwa pengo.

Dalali alimwendea mchuuzi na kutaja jina la hisa tu. Hakusema kama mteja wake anataka kununua au kuuza. Mchuuzi alitakiwa kutaja bei zote mbili kwa mpigo mmoja. Kama angehisi kwamba dalali ni mnunuzi na kuzipandisha bei zote mbili, na kumbe dalali ni muuzaji, angejikuta amenunua kwa bei ghali aliyoitaja kwa kinywa chake. Kutojua kwake ndiko kulikomlinda mteja. Dalali akikuta pengo ni pana, alisogea hatua chache kwa mchuuzi mwingine na kuuliza upya.

Watu hawakumpenda mchuuzi huyo. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, alimweleza kama mtu duni anayechuma fedha kwa kununua na kuuza hisa. Hata hivyo mtu huyo duni alifanya kazi ambayo soko lisingeweza kuendelea bila ya kuwa na mtu wa kuifanya. Mjane aliyetaka kuuza dhamana zake Jumatatu asubuhi hakulazimika kungoja hadi Alhamisi atakapotokea mnunuzi. Mchuuzi alizichukua Jumatatu, akabeba hatari ya bei kushuka, na pengo likawa ujira wa kungoja kwake. Mfumo huo wa kutenganisha dalali na mchuuzi ulikoma tarehe 27 Oktoba 1986, siku ya mageuzi makubwa ya soko la London.

Utepe uliosema nusu ya habari

Tarehe 17 Mei 1792 madalali 24 wa New York walitia saini mkataba chini ya mti katika mtaa wa Wall Street, wakiahidiana kupeana upendeleo na kutoshusha kamisheni chini ya robo ya asilimia. Bei zao zilihesabiwa kwa thumuni za dola, yaani kwa sehemu ya nane, desturi inayohusishwa na dola ya fedha ya Kihispania iliyokuwa na reale nane. Thumuni hiyo itarudi katika simulizi hii, kwani ilikuja kuwagharimu Wamarekani mamilioni ya dola.

Kabla ya hapo kulikuja mashine. Mwaka 1867 Edward Calahan alitengeneza chombo cha telegrafu kilichochapa bei za hisa kwenye utepe mwembamba wa karatasi. Mtu aliyekuwa Boston au Chicago aliweza kusoma dili lililofungwa New York muda mfupi uliopita. Mtaji wa habari ulihama kutoka sakafu ya soko na kwenda mitaani. Lakini utepe ulichapa bei iliyofanyiwa biashara na idadi ya hisa. Aliyeusoma hakuona bei ya mnunuzi wala ya muuzaji. Bei hizo mbili zilibaki kwa waliosimama sakafuni, hasa kwa yule aliyeshika daftari la oda zinazosubiri za kila hisa.

Jesse Livermore, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1877, alianza akiwa kijana mdogo kwa kuandika bei ubaoni katika ofisi ya madalali Boston. Alijifunza kuusoma utepe na akaanza kushinda katika vibanda vya kubahatisha bei. Vibanda hivyo havikununua hisa yoyote. Mteja aliweka dau juu ya bei ya utepe, na alilipwa kwa bei hiyo hiyo iliyochapwa. Kitabu cha Edwin Lefèvre cha 1923, kinachosimulia maisha yanayofanana na yake chini ya jina la kubuni, kinaeleza jinsi kijana huyo alivyofukuzwa vibandani kwa sababu ya kushinda mno, akaenda New York kufanya biashara halisi, na akafilisika. Macho yake kwenye utepe yalikuwa yale yale. Tofauti ni kwamba sasa oda yake ilipelekwa sakafuni na kukutana na bei mbili. Aliponunua alilipa ya juu, alipouza alipokea ya chini, na utepe aliousoma ulikuwa umeshapitwa na wakati. Kibandani alikuwa akicheza na namba moja. Katika soko halisi namba hiyo haikuwepo.

Richard Wyckoff alijaribu kuokoa kile kilichoweza kuokolewa. Mwaka 1910, akijificha chini ya jina la Rollo Tape, alichapisha masomo ya kusoma utepe. Fundisho lake kubwa lilikuwa kutazama bei pamoja na kiasi. Hisa nyingi zikibadilisha mikono na bei isipande, kuna mtu mkubwa anayeuza kimya kimya kwa kila anayekuja kununua. Wyckoff hakuwa na uwezo wa kuiona bei ya muuzaji, hivyo alikisia uwepo wa muuzaji kutokana na nyayo zake.

Na utepe wenyewe ulichoka. Tarehe 24 Oktoba 1929, siku ya kwanza ya anguko kuu, hisa karibu milioni 12.9 zilibadilisha mikono, na mashine zilimaliza kuchapa bei zaidi ya saa nne baada ya soko kufungwa. Siku nzima watu waliuza kwa hofu bila kujua wanauza kwa bei gani.

Shimo la Chicago

Soko la nafaka la Chicago, lililoanzishwa 1848, lilikuwa na dawa ya upofu huo. Wafanyabiashara wa mikataba ya ngano na mahindi ya siku zijazo walisimama kwenye ngazi zilizozunguka shimo lenye pembe nane, ili kila mtu amwone kila mtu. Mnunuzi alielekeza viganja kwake mwenyewe, kana kwamba anavuta mali. Muuzaji alivielekeza nje, kana kwamba anaisukuma. Hata maneno yalipangwa. Mnunuzi alitaja bei kwanza, kisha kiasi. Muuzaji alitaja kiasi kwanza, kisha bei. Katika kelele za mamia ya watu, aliyesikia nusu ya sentensi alijua tayari msemaji yuko upande gani. Bei ilikuwa hai kwa muda ambao sauti ilikuwa hewani. Mtu akinyamaza, bei yake imekufa.

Wazoefu wa shimoni walikuwa wakisoma mkondo wa oda kabla haujapewa jina hilo. Walijua dalali yupi anatumwa na kampuni kubwa za nafaka na yupi anacheza kwa fedha zake. Walisikia sauti za wanunuzi zikipanda wakati wauzaji wanazidi kuwa wachache. Katika miaka ya 1980 mwanachama mmoja wa soko hilo, Peter Steidlmayer, alianza kupanga bei za siku katika umbo lililoonyesha soko lilikaa muda gani kwenye kila bei, na soko likaanza kutoa takwimu za kiasi kilichouzwa kwa kila bei. Aliyekuwa nje ya shimo akaanza kuonja kile ambacho aliye ndani alikisikia kwa masikio yake.

Wasomi nao walikuwa wameanza kuuliza pengo ni malipo ya nini. Mwaka 1968 Harold Demsetz alionyesha kwamba ni bei ya huduma: anayetaka kumaliza biashara yake sasa anamlipa yule anayekubali kungoja. Miaka mitatu baadaye Jack Treynor, akiandika kwa jina la kuazima la Walter Bagehot, aliongeza jambo lenye uchungu zaidi. Anayekaa sokoni na bei zake mbili huuziwa na kununuliwa na watu wa aina mbili. Wapo wanaohitaji fedha tu, na wapo wanaojua jambo ambalo yeye hajalijua. Kwa hao wa pili atapoteza kila mara. Hivyo lazima alipanue pengo ili wasiojua walipie hasara anayoipata kwa wanaojua. Mwaka 1985 Lawrence Glosten na Paul Milgrom waliliweka wazo hilo katika hesabu. Mtu akinunua kwa bei ya muuzaji, kitendo chake chenyewe ni habari, na anayekaa sokoni hupandisha bei zake zote mbili kidogo kwa kuhisi kwamba huenda mnunuzi huyo anajua kitu. Msingi wa kusoma mkondo wa oda umo humo.

Thumuni witiri zilizopotea

Mwaka huo huo Treynor alipoandika, tarehe 8 Februari 1971, Nasdaq ilianza kazi. Halikuwa soko lenye sakafu. Lilikuwa mtandao wa kompyuta ulioonyesha bei za wafanyabiashara wa hisa waliokuwa wakipatana kwa simu. Kwa mara ya kwanza bei mbili za hisa nyingi zilikaa kwenye skrini moja, zikiwa na majina ya waliozitoa. Ilionekana kwamba ushindani ungelibana pengo. Kumbe sivyo.

William Christie wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt na Paul Schultz wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichunguza bei za mwaka 1991 za hisa 100 zilizokuwa na biashara kubwa Nasdaq. Bei zilihesabiwa kwa thumuni, hivyo ungetarajia kuona thumuni moja, tatu, tano na saba mara nyingi kama robo, nusu na robo tatu. Kwa hisa 70 kati ya hizo 100, thumuni witiri karibu hazikuwepo kabisa. Kila mfanyabiashara alitaja bei zinazoishia kwenye namba kamili, robo, nusu au robo tatu. Matokeo yake pengo halikuweza kushuka chini ya robo dola. Aliyenunua hisa 1,000 na kuziuza kwa bei zile zile aliacha dola 250 mezani.

Magazeti ya Marekani yalitangaza utafiti huo tarehe 26 na 27 Mei 1994, miezi kadhaa kabla haujachapishwa katika jarida la kitaaluma. Tarehe 27 Mei wafanyabiashara wa hisa za Microsoft, Cisco na Amgen walianza ghafla kutumia thumuni witiri, na pengo la hisa hizo likashuka kwa karibu nusu. Siku ya soko iliyofuata ikawa zamu ya Apple. Bei zilizodaiwa kuwekwa na nguvu za soko zilibadilika kwa sababu ya makala gazetini.

Wizara ya Sheria ilichunguza, na Julai 1996 ilifikia makubaliano na kampuni 24. Tume ya Masoko ya Mitaji ya Marekani ilitoa ripoti yake Agosti mwaka huo. Kesi ya madai ya wawekezaji iliishia kwa kampuni kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni moja. Lakini adhabu haikuwa na uzito wa kanuni iliyofuata. Kuanzia Januari 1997, oda ya mteja wa kawaida yenye bei aliyoichagua mwenyewe, ikiwa bora kuliko bei ya mfanyabiashara, ilipaswa kuonyeshwa kwa soko zima. Mtu wa nje akapata haki ya kuwa yeye ndiye bei. Aliweza kukaa upande wa kungoja na kulichuma pengo badala ya kulilipa.

Baada ya hapo thumuni yenyewe ilizikwa. Juni 1997 bei zilianza kuhesabiwa kwa sehemu ya kumi na sita ya dola. Tarehe 29 Januari 2001 soko la New York lilihamia kwenye senti kwa hisa zake zote, na Aprili mwaka huo Nasdaq ikafuata. Kwa hisa kubwa pengo lilishuka hadi senti moja. Gharama ilikuwepo: idadi ya hisa zilizosubiri kwenye kila bei ilipungua, kwa kuwa sasa palikuwa na ngazi nyingi za kusimama, na yeyote aliweza kukuruka kwenye foleni kwa kuongeza senti moja.

Daftari kwenye skrini

Kufikia hapo mashimo yalikuwa yanakauka. Soko jingine la mikataba la Chicago lilizindua mfumo wake wa kielektroniki wa Globex mwaka 1992, na tarehe 9 Septemba 1997 likaanzisha mkataba mdogo wa fahirisi ya hisa ya S&P 500 uliouzwa kwa kompyuta. Mkataba huo ulikuja kuwa uwanja mkuu wa wasomaji wa mkondo wa oda. Julai 2015 mashimo mengi ya mikataba ya Chicago yalifungwa.

Kwenye skrini, daftari la oda lina pande mbili. Chukua mfano wa hisa ambayo wanunuzi wanangojea hisa 500 kwa shilingi 100, na wauzaji wanangojea hisa 300 kwa shilingi 102 na nyingine 400 kwa shilingi 103. Oda hizi zinasubiri, hazisogezi chochote. Anaingia mtu anayetaka hisa 400 sasa hivi kwa bei yoyote. Anachukua zote 300 za shilingi 102, kisha 100 za shilingi 103. Bei ya muuzaji imepanda hadi 103. Hakuna habari iliyotangazwa na hakuna aliyepandisha bei kwa makusudi. Haraka ya mtu mmoja imemaliza subira ya wengine kwenye bei moja.

Kutokana na hili msemo maarufu kwamba bei ilipanda kwa kuwa wanunuzi walikuwa wengi kuliko wauzaji hauna maana. Hisa 400 zilizonunuliwa ni hisa 400 zilizouzwa. Kinachotofautiana ni nani aliyemfuata mwenzake. Mwaka 1991 Charles Lee na Mark Ready walichapisha njia ya kukisia hilo kwa kulinganisha bei ya dili na bei mbili zilizokuwepo: likifungwa karibu na bei ya muuzaji, mnunuzi ndiye alikuwa na haraka, likifungwa karibu na bei ya mnunuzi, mwenye haraka alikuwa muuzaji. Miaka ya 2000 ikaleta programu zilizoandika ndani ya kila mshumaa wa chati, yaani umbo linaloonyesha bei za kipindi kimoja, namba mbili kwa kila bei: kiasi kilichouzwa kwa walionunua kwa kungoja, na kiasi kilichonunuliwa kutoka kwa waliouza kwa kungoja. Ukitoa ya kwanza katika ya pili unapata tofauti inayoonyesha haraka imeelemea upande gani.

Kile alichokikisia Wyckoff kutokana na utepe sasa kiliandikwa kwa tarakimu. Wanunuzi wenye haraka wakichukua maelfu ya mikataba kwa bei ya muuzaji na bei hiyo isisogee, kuna muuzaji mvumilivu anayejaza upya foleni yake kila inapopungua, pengine kwa oda kubwa iliyofichwa na kuonyeshwa kipande kipande. Msomaji mzuri haamini wingi wa haraka peke yake. Huangalia haraka hiyo imefanya nini kwa bei.

Alasiri ya Mei 2010

Tarehe 6 Mei 2010 masoko yalikuwa na wasiwasi kwa sababu ya madeni ya Ugiriki. Saa 8:32 mchana, saa za New York, mwekezaji mmoja mkubwa alianzisha programu ya kuuza mikataba 75,000 ya fahirisi ya S&P 500, yenye thamani ya dola bilioni 4.1 hivi. Kwa mujibu wa ripoti ya tume mbili za serikali iliyotolewa Septemba mwaka huo, programu iliagizwa kuuza asilimia 9 ya kiasi kilichofanyiwa biashara katika dakika iliyotangulia, bila kujali bei wala muda.

Hapo kipimo kikamgeukia mpimaji. Kompyuta za kasi zilizonunua mikataba hiyo zilianza kuuziana zenyewe kwa zenyewe ili kuitua. Katika sekunde 14 tu, kabla ya saa 8:45 na sekunde 28, zilifanya biashara ya mikataba zaidi ya 27,000, lakini zikijumlishwa zilikuwa zimenunua takribani 200 pekee. Programu ya muuzaji iliona kiasi kikubwa na kuongeza mauzo. Wakati huo oda za kununua zilizokuwa zikisubiri katika daftari zilikuwa zimepungua hadi dola milioni 58, chini ya asilimia moja ya zile za asubuhi. Fahirisi ya Dow Jones ilishuka karibu pointi 1,000 kabla ya kurudi. Hisa za Accenture ziliuzwa kwa senti moja, na za Sotheby's kwa dola 100,000, kwa sababu bei pekee zilizobaki kwenye daftari zilikuwa zile za mbali zilizowekwa kama pambo. Mikataba ilitulia baada ya soko la Chicago kusimamisha biashara yake kwa sekunde tano. Sekunde tano zilitosha kuwarudisha wanaongoja.

Miaka mitano baadaye polisi walimkamata Navinder Singh Sarao, aliyekuwa akifanya biashara kutoka nyumbani kwa wazazi wake Hounslow, magharibi mwa London. Mashtaka yalisema programu yake iliweka oda kubwa za kuuza ngazi chache juu ya bei bora na kuzisogeza kila soko liliposogea, ili zisikutane na mnunuzi kamwe. Siku ile ya Mei oda zake zilibadilishwa zaidi ya mara 19,000 kabla ya kufutwa. Zilikuwa oda hewa: zilimtisha aliyesoma daftari, kisha zikatoweka. Alikiri makosa Novemba 2016, na Januari 2020 alihukumiwa mwaka mmoja wa kukaa nyumbani. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini Julai 2010 ilikuwa imepiga marufuku mchezo huo waziwazi, na Novemba 2015 Michael Coscia alikuwa wa kwanza kutiwa hatiani mbele ya baraza la wazee wa mahakama kwa kosa hilo. Wasomaji wa daftari walipata somo kwa gharama kubwa. Oda inayosubiri ni ahadi, na ahadi hufutwa. Dili lililofungwa halifutiki kwa kidole.

Nairobi na Dar es Salaam

Afrika Mashariki imepita njia hiyo hiyo kwa muda mfupi zaidi. Soko la hisa la Nairobi liliundwa 1954 kama chama cha hiari cha madalali, wakati Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kufanya biashara ya hisa. Mlango ulifunguliwa baada ya uhuru wa 1963. Mwaka 1991 madalali walihamia kwenye ukumbi wa kupaza sauti, na Septemba 2006 kompyuta zikachukua nafasi ya sauti. Dar es Salaam ilianza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, na baadaye mwaka huo zikaja za kampuni ya bia ya TBL.

Katika masoko haya kuna hisa ambazo daftari lake huwa jembamba: oda chache za kununua, oda chache za kuuza, na pengo pana katikati. Anayetuma oda ya kununua kwa bei yoyote katika daftari la namna hiyo anaweza kuisogeza bei peke yake na kujilipisha zaidi. Huko anayelipa pengo ni mkulima, mwalimu au mfanyakazi aliyewekeza akiba yake, na hulilipa mara mbili: anapoingia na anapotoka.

Kusoma mkondo wa oda kutakuambia nani alikuwa na haraka. Hakutakuambia kwa nini. Muuzaji wa mikataba 75,000 alikuwa na haraka bila kujua siri yoyote, na Livermore alikuwa na macho makali lakini alilipa bei asizoziona. Kwa hiyo kabla ya kununua hisa, mwombe dalali wako akutajie bei zote mbili na kiasi kinachosubiri katika kila moja. Kama huna sababu ya haraka, taja bei yako, andika oda yako, na ungoje kwenye foleni. Kama unayo, hesabu pengo kuwa sehemu ya gharama kabla hujasema ndiyo.